Kamba Katika Shamba la Kililana

Maulidi yalikuwa yamepamba moto Langoni, mtaa wa Amu kisiwani Lamu, watu wamebanana bega kwa bega, ndipo buibui la Khairiya liliponasa kwenye mkoba wa kijana mmoja. Buibui jipya, linanukia udi! Alivuta, kijana naye akavuta, kitambaa kikachanika.

"Wee! Huna mato?"

"Macho ninayo, Bi. Ila kwa sasa yamepotea njia," alijibu kijana, kanzu nyeupe pee, kofia imekaa upande.

Khairiya alicheka kabla hajakumbuka kukasirika.

Kijana huyo ni Ridhwani, mtu wa Mombasa, mtafiti wa mbegu katika idara ya kilimo. Hakukawia kuleta posa, na Bwana Kamaludin, babake Khairiya, akaridhia. Tena akampa shamba lake la Kililana ajaribie aina tatu za mbegu za ufuta. Balaa likaanzia hapo. Ridhwani alikwenda na kamba na vijiti, akaligawa shamba vipande vinne.

Jamani! Kwao kina Khairiya, huko Amu, shamba halipigwi kamba mpaka mwenyewe amezikwa na warithi wamekaa kitako. Na Bwana Kamaludin yu kitandani, pumu imemkaba. Habari zilipomfika alijiinua kwenye mto.

"Ningali hai, wanigawia mali yangu! Posa imevunjika. Ijumaa namuoza Khairiya kwa Yunusi, mtoto wa ndugu yangu."

Tangu hapo Khairiya hakula akashiba. Kila hodi ilimrusha. Je, kama ni kweli? Kama Ridhwani alilitaka shamba, yeye akawa ndiye mlango tu? Alhamisi, baada ya alasiri, akaisikia sauti ya Ridhwani nje, dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Alijibanza nyuma ya mlango.

"Niambie kweli. Wanitaka mimi au shamba?"

"Wewe, roho yangu! Lile shamba upande wa pwani lina chumvi, juu ni mchanga mtupu. Nikipanda mbegu moja chini na nyingine juu, nitajuaje kilichoshinda ni mbegu au ni udongo? Ndiyo nikaligawa. Kila kipande kina mbegu zote tatu, na kila kipande nakipima peke yake."

"Na baba hukumwambia?"

"Ningejuaje kama kamba ina ubaya? Sema neno, Khairiya, niving'oe vijiti vyote leo hii. Wakinifukuza kazi, basi."

"Usithubutu! Ngoja hapo."

Aliingia kwa babake, akamweleza yote, ya chumvi na ya mchanga. Alijua vyema kwamba anajifichua: amezungumza na mwanamume mlangoni. Mzee alimsikiliza, kisha akageukia ukutani.

"Mwanangu, si shamba lililoniuma. Nilidhani mumeniona nimekwisha, mwangoja siku tu."

"Baba, jamani!" Khairiya alimshika mkono, machozi yakamtoka.

"Yuko wapi huyo wa Mombasa?"

"Dakani, baba."

"Muda wote huu? Mwite."

Ridhwani aliingia, ameinamisha kichwa, akambusu mzee mkono.

"Nisamehe, Bwana. Sikujua."

"Huo ufuta wavunwa lini?"

"Baada ya miezi minne, inshallah."

Bwana Kamaludin alikohoa hata Khairiya akamshika mgongo. Pumzi iliporudi, aliwatazama wote wawili.

"Ni mbali kwangu," alisema. "Yunusi nitamwambia mwenyewe. Harusi yenu ni kesho, nami mnibebe."