Suti ya Kuvukia Rusumo

Honi ililia mara tatu huko chini barabarani: fupi, fupi, ndefu. Sikuinua kichwa. Mlio huo niliujua kama ninavyojua mlio wa cherehani yangu. Lilikuwa lori la Cyriaque, mzee tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, aliyekuwa akipeleka magunia ya kahawa hadi Rusumo, mpakani na Tanzania.

Halafu mchumba wangu Annick akapanda ngazi za baraza letu la mafundi pale Biryogo, mtaa wa Kigali, mfuko mmoja tu begani.

"Twahiru, inuka. Tonton ametupa nafasi juu ya magunia. Bure."

"Leo siendi."

"Sema tena, sijasikia vizuri."

"Siendi, Annick. Tazama." Nikainua koti la kijivu lisilo na mikono. "Suti haijaisha."

Alilitazama koti, akanitazama mimi. Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nane Machi, 1994. Baba yake alikuwa amefariki, na kwao walikuwa wamekata shauri kwamba atakayesikiliza posa yangu ni shangazi yake, Pudentienne, aliyekimbilia Ngara, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa hamsini na tisa na hajarudi. Bila "ndiyo" ya mama huyo, hakuna ndoa.

"Shangazi anataka kukuona wewe," Annick akasema. "Suti ataiona kwenye picha ya harusi."

"Mwanaume haendi kuposa akiwa juu ya magunia kama mbuzi."

"Mimi nimefika Kibuye juu ya magunia hayo hayo, na Ngara mara mbili. Niite mbuzi basi."

Vijana wenzangu wa barazani wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa hasira nikamkumbusha kwamba mimi ni mshairi, kwamba beti zangu saba za maporomoko ya Rusumo zinasomwa hapa mtaani kila mwezi.

"Nisomee," akasema.

Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya kushindana na cherehani:

Rusumo ninakuona, povu lako kama pamba,
Wanguruma tena sana, kama simba kwenye mwamba.

Annick akasubiri nimalize. "Unaliona ukiwa wapi?"

"Moyoni."

"Povu la Rusumo si pamba, fundi. Lina rangi ya chai ya maziwa, maana maji yale yamebeba udongo wa mashamba yetu yote. Na hayangurumi kama simba. Ukisimama darajani unayasikia kwenye nyayo kabla hujayasikia masikioni. Mtu aliyefika angeandika hivyo. Wewe umefika wapi?"

Nikakaa, nikavuta koti mapajani.

"Jibu. Umefika wapi, maishani mwako?"

"Nyabugogo," nikasema. Stendi ya mabasi, mwendo wa mguu kutoka pale nilipokaa.

Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Akakaa karibu nami na kupunguza sauti.

"Bibi yangu husema kandege kasikoruka hakajui mtama umeiva wapi. Mimi nasafiri na viazi vya kuchemsha na gauni moja. Kibuye nililala kwa masista. Ngara nililala chini, miguu ya watoto wa shangazi usoni. Nimerudi najua watu wanavyoishi pasipo na vizuizi, pasipo na mtu anayesoma kitambulisho chako halafu anakutazama vibaya. Twende, Twahiru. Kibali cha kuvuka mpaka kimenichukua wiki tatu ofisini kwa komini. Tukifika, labda hutataka kurudi haraka."

Honi ikalia tena.

"Wiki ijayo," nikasema. "Nimalize suti, ninunue kitenge kizuri cha shangazi. Niingie kwake kama mtu."

"Na leo wewe ni nani?"

Nikatia uzi sindanoni. Akachana karatasi kwenye daftari langu la vipimo, akaandika barua akiwa ameiegemeza gotini. Akateremka barabarani kumpa Tonton Cyriaque. Nikasikia lori likiondoka. Aliporudi, bado alikuwa na mfuko wake begani.

"Nimemwambia Alhamisi ya wiki ijayo," akasema. "Nikienda peke yangu nitamwonyesha nani?"

Siku hiyo niliona nimeshinda. Niliona hivyo kweli. Nakuandikia wewe kijana unayesema utasafiri ukipata viatu, ukipata saa, ukipata pesa za kula hotelini: mimi nilishinda namna hiyo.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, na fundi hana siku zake wiki ya Pasaka. Kila niliposhika koti langu, mteja alikuja na kitambaa. Nikavisha nusu ya mtaa. Mikono ya suti yangu niliishona Jumatano jioni, tarehe sita Aprili. Annick alikuja kunijaribisha suti.

"Geuka," akasema. "Mm. Bega la kushoto limepanda."

"Halijapanda."

"Limepanda kwa majivuno. Litashuka Ngara." Akanyoosha kola kwa vidole viwili. "Naenda kulala kwa mama yangu, kule Kicukiro, nimuage. Kesho adhuhuri, honi ikilia, usinisubirishe tena."

"Sitakusubirisha."

"Nimekusikia."

Alishuka ngazi bila kugeuka, maana tulikuwa tunaonana kesho yake.

Usiku huo ndege ya rais ikadunguliwa. Asubuhi kulikuwa na vizuizi kila njia, na risasi. Adhuhuri honi haikulia. Nilijaribu mara mbili kwenda Kicukiro. Mara ya kwanza nilirudishwa kwa kitako cha bunduki. Mara ya pili watu wetu wa msikitini walinishika mikono na kunifungia ndani, wakaninusuru bila mimi kutaka. Kitambulisho changu kingenipitisha pengine. Cha Annick kilikuwa na neno moja lililotosha: Mtutsi.

Mwezi wa saba nilifika kwao. Nyumba haikuwa na mlango wala bati. Jirani yao, Mukandekezi, alitoka uani akiwa amejifunga shuka.

"Unamtafuta Annick?"

"Ndiyo, mama."

"Walichukuliwa Ijumaa ile, yeye na mama yake. Alikuwa ameshika mfuko. Nilidhani anasafiri."

Nikarudi Biryogo kwa miguu.

Mwezi wa nane nilikuwa barazani, nakaza kifungo cha shati la mtu, niliposikia: fupi, fupi, ndefu. Sindano iliniingia kidoleni. Tonton Cyriaque alipanda ngazi polepole, amekonda. Alfajiri ya Alhamisi ile alikuwa Kibungo, njiani kuja kutuchukua, aliposikia habari akageuza lori kurudi mpakani. Nyuma yake alikuja mama mrefu mwenye mvi, aliyetembea kama mtu anayekumbuka njia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Nilipika Jumatatu ile. Nikapika tena Alhamisi." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Cyriaque anasema nafasi ilikuwepo Jumatatu. Kwa nini hamkuja?"

Ningeweza kusema vizuizi. Ningeweza kusema kibali. Cyriaque alikuwa anatazama chini, asingenikanusha.

"Kwa sababu yangu," nikasema. "Yeye alikuwa tayari. Mimi nilikuwa nashona suti. Niliona aibu kuja kwako kama maskini."

Shangazi akageuka kutazama ndani.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa imening'inia msumarini, haijavaliwa. Akaigusa mkono mmoja, akaiacha.

"Mimi nilivuka daraja lile na mtoto mgongoni na sufuria kichwani," akasema. "Nani alinicheka?"

Akafungua upindo wa kitenge, akanipa karatasi. Kwa nyuma ilikuwa na vipimo vya suruali kwa mwandiko wangu. Kwa mbele ulikuwa mwandiko wa Annick.

"Shangazi, tutachelewa wiki moja. Mchumba wangu anakushonea suti ya kutazama. Akifika, kabla hujamuuliza ukoo, mpeleke kwanza darajani. Anayaandikia maji beti na hajayaona. Ana kiburi, lakini kitu akikiona kwa macho yake hawezi kukidanganya. Ndiyo maana nampenda. Annick."

Nilisoma mara mbili.

"Tangu Aprili kwetu hatunywi maji yale," shangazi akasema. "Tumeona miili ikipita. Sijui kama yeye alipita hapo. Hakuna ajuaye. Cyriaque anarudi leo, na magunia ni yale yale. Utavaa suti?"

"Hapana."

Nikafunika cherehani. Nikachukua daftari na kalamu, nikaikata karatasi yenye beti saba, nikaiacha mezani. Shati langu lilikuwa na chaki ya fundi mabegani. Mfukoni nilikuwa na viazi viwili vya kuchemsha.

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa lori, ananingoja nipande kwanza.

"Nipeleke darajani, shangazi," nikamwambia. "Nitasimama hadi niyasikie kwenye nyayo. Na nakuahidi, mbele ya Cyriaque huyu: nitayaandika yalivyo, na yaliyoyabeba, na jina la Annick. Sitaandika tena kitu ambacho miguu yangu haijakifikia."