Profesa na Kipanya

Kila Jumanne baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la saba walivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta na kuketi wawili wawili, kwa kuwa mashine zilikuwa chache. Msichana waliyemwita Profesa alisoma swali na kutaja jibu. Rafiki yake, Fundi, alishika kipanya na kubofya.

"Wewe kichwa, mimi mkono," Fundi alipenda kusema. "Tukitenganishwa tumekwisha."

Wiki ya mtihani wa majaribio, walitenganishwa. Kila mtu alikaa peke yake, kwa zamu.

Profesa aliyajua majibu. Alisukuma kipanya, mshale kwenye skrini ukakimbilia pembeni na kupotea. Alipoupata akabofya, ukurasa ukaruka mbele, naye hakujua namna ya kuurudisha. Alikuwa bado anahangaika maandishi yalipotokea: Muda umekwisha. Akawa wa mwisho darasani.

"Imekuwaje?" mwalimu aliuliza.

"Mashine ni mbovu, mwalimu," alijibu akitazama chini.

Mwalimu aliiondoa mashine ile mezani. Kesho yake akatangaza kwa sauti ya unyonge, "Mtihani wenyewe ni keshokutwa, na bila mashine ile wanafunzi watatu hawana nafasi. Nimewaombea nafasi shule nyingine, sijajibiwa."

Fundi alikuwa mmoja wao. Aliinamisha kichwa juu ya dawati.

Nyumbani Profesa hakugusa chakula.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshibia wapi, na sufuria ndiyo kwanza inatoka jikoni?"

Machozi yakamtoka. Akisema, darasa zima litamcheka. Akinyamaza, rafiki yake ataukosa mtihani, na yeye mwenyewe atafeli vilevile. Akamweleza mama yote.

"Asubuhi tutakwenda wote," mama alisema. "Lakini utasema wewe."

Asubuhi shuleni, mwalimu alimsikiliza Profesa mpaka mwisho, kisha akamwita Fundi. Profesa akarudia maneno yale yale.

"Yaani ungeniacha nikose mtihani?" Fundi aliuliza.

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Halafu tungekufundisha."

Mwalimu aliirudisha mashine mezani. "Fundi, kalia mikono yako. Leo unatumia mdomo tu."

Walikaa pale mpaka jioni. Mshale ulipotea mara nyingi, Fundi akajipinda kwa hamu ya kusaidia, lakini mikono hakuitoa. Hatimaye Profesa alimaliza maswali yote, akarudi kwenye la kwanza, akayapitia tena bila kuuliza.

"Sasa nisikilizeni," mwalimu alisema. "Kutojua kutumia kipanya si kosa la mwanafunzi. Kosa hilo ni langu, niliwakalisha wawili wawili nikadhani wote mnajua. Kosa lako, Profesa, ni uongo, nao ulikaribia kuwanyima wenzako watatu mtihani. Ukikwama, sema siku ileile, maana siku hiyo bado tuna muda wa kukusaidia."

"Nimeelewa, mwalimu. Naomba niwaambie na wale wengine wawili mwenyewe."

Mwalimu akafungua mlango. "Wako uwanjani. Nenda."