Aliyelala Usingizi wa Xaveria

Kitanda cha Xaveria kilikuwa na joto mchana kweupe, na hakuna mtu aliyekuwa amekilalia.

Aliligundua hilo alipoingia chumbani kuchukua kanga ya kumfunikia mtoto. Aligusa shuka, akauondoa mkono haraka. Mto ulikuwa umebonyea katikati. Mumewe Cassian, dereva wa bodaboda, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Mama mkwe wake, Benadeta, alikuwa shambani akipogoa migomba. Xaveria akajiambia kwamba ni jua la dirishani, ingawa dirisha lile linatazama migomba na jua halijawahi kulifikia. Akarudi kwenye cherehani yake barazani, akatia mdomoni kahawa nyingine.

Watu wa Karagwe hawahitaji kuelezwa kahawa ya kutafuna, ile akamwani inayochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikaanikwa juani. Kwa wengine niseme tu kwamba mgeni akiingia huletewa kikapu chake kabla hajaulizwa kilichomleta. Mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni aone kuwa haina sumu, kisha humkaribisha. Kutafuna peke yako bila kumkaribisha mwenzio ni uchoyo, na mtoto wa Ihanda, kijijini kwa Xaveria, hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Xaveria alilelewa vizuri mno, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Alikuwa amechukua kazi ya kushona mavazi ya kwaya ya parokia, naye alikuwa na mtoto mchanga, Mugisha, wa kwanza baada ya mimba mbili kuharibika. Alitafuna ili asisinzie juu ya cherehani. Asubuhi alitafuna, mchana alitafuna, na jua likizama taya zake zilikuwa bado kazini. Siku moja, kabla ya lile joto la kitandani, aliona aibu kutafuna peke yake, akakitazama kigoda kitupu kilichokuwa mbele yake, akasema kwa utani, "Karibu mwenzangu, tutafune." Akaweka kahawa moja juu ya kigoda. Jioni haikuwepo. Akasema ni kuku. Kesho yake akaweka tena, na kesho kutwa vilevile, bila kujiuliza ni kuku gani huyo wa kutafuna akamwani.

Tangu hapo Mugisha akaacha kulala. Alikaa na macho makavu, yamekodolewa, ngumi zake zikitetemeka, akinyonya kidogo na kulia sana. Zahanati walipompima, uzito ulikuwa umeshuka tena.

"Mama, unakunywa kahawa?" muuguzi aliuliza.

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Sinywi kabisa, dada. Chai tu, kikombe cha asubuhi."

Wala hakudanganya. Kwao kahawa ya kunywa ni ya watu wa hotelini; hii ya kutafuna ni heshima ya nyumba, nani aihesabu? Muuguzi alimrudishia mtoto polepole. "Asiyelala hanyonyi vizuri. Uzito ukiendelea kushuka hivi, tutampoteza."

Xaveria alirudi nyumbani akilia njia nzima. Alikuwa anavua viatu mlangoni aliposikia mkoromo kutoka chumbani, mkoromo wa mtu aliyeshiba usingizi, na pamoja nao ikaja harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha. Akasukuma mlango kwa kidole. Blanketi lilikuwa limefunika kitu, na kitu hicho kilikuwa kimelala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umewekwa chini ya shavu, jinsi yeye mwenyewe alivyozoea kulala tangu utotoni, na blanketi likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, huku Mugisha mgongoni mwake akiacha kulia na kuanza kuhema kwa mapigo yaleyale.

Alitoka kinyumenyume hadi nje. Benadeta alikuwa anatua mkungu wa ndizi.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu chumbani."

"Mwizi?"

"Amelala."

Benadeta alikwenda akatega sikio mlangoni. Alirudi kwa kunyata. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "huo mkoromo ni wako. Nimeusikia miaka yote ukutani kwangu. Naujua."

Cassian alitumwa Bugomora, kule Kyerwa, kumleta Bi Nikuze, mwanamke anayesifika kwa kutibu watoto na kwa kutokuwa na subira na wazazi wao. Alishuka kwenye pikipiki akilalamikia kiuno, akapokea shikamoo zao, akaomba kikapu cha kahawa. Alikinusa, akakitazama kigoda.

"Unatafuna ngapi kwa siku?"

"Sihesabu, bibi."

"Ndiyo shida yenyewe. Na hapa umemweka nani?"

Xaveria akaeleza ule utani wake. Benadeta akajishika kichwa. "Mawe, mama wee! Umekaribisha hewa?"

"Kapokea aliyekuwa hana pa kulala," Nikuze alisema. "Majini hawana usingizi wao. Wewe ulikuwa unaufukuza wako kutwa nzima, na huyu akaukuta mlangoni. Anaulala wako. Ukitafuna, inapita kwenye maziwa, mtoto naye anakesha, na huyo anaulala wa mtoto pia. Ataumaliza."

"Basi sitatafuna tena, leo hii naacha!"

"Usiache ghafla. Kichwa kitakupasuka na kesho utarudia. Mimi natafuna asubuhi nikishakula, basi, na siku yangu inatosha. Wewe punguza: hii ya mchana iondoe kwanza, kisha ya asubuhi. Kigodani usiweke kitu. Damu yako ikishatulia, ingia ukalale kando yake, mtoto kifuani. Ukisinzia kabla hajaamka, usingizi utarudi kwa mwenyewe. Ataondoka kwa njia atakayoiona."

"Na akiamka kabla yangu?"

Nikuze aliomba maji ya kunawa mikono.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kichwa kilimgonga Xaveria, mikono ilitafuta kikapu yenyewe, akamgombeza Cassian kwa makosa ya kubuni. Chumbani mkoromo ulianza kukatika. Mara nyingine ulifuatwa na mlio wa kitanda, kama mtu anayejigeuza kwa hasira.

Alasiri moja, wakati watoto wa shule wanapita barabarani wakipiga kelele, Xaveria aliona mikono yake imetulia. Akamuaga mama mkwe, akamkumbatia Mugisha, akaingia. Alipanda kitandani bila kutazama upande wa pili, akajilaza kwenye ukingo, na joto la kile kitu likamfikia mgongoni, kisha pumzi yake shingoni, yenye harufu ile ya kuchacha, na akasali Salamu Maria mpaka maneno yakaanza kumchanganyikia, na kile kitu kikaacha kukoroma, kikavuta pumzi ndefu ya mtu anayekaribia kufumbua macho, na vidole vikaanza kupapasa shuka taratibu kuelekea kwa mtoto, na yeye, ambaye kila kiungo chake kilitaka kuruka na kukimbia, akajilazimisha kulegea, akaliacha shavu lake lizame kwenye mto, akafumba macho.

Alipoamka jioni ilikuwa inaingia. Upande wa pili shuka ilikuwa baridi na imenyooka. Mugisha alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi, ngumi zimefunguka, usingizi mzito wa mtoto aliyeshiba. Xaveria aliogopa kusogea. Furaha ilimjaa, na Benadeta alipochungulia akapiga magoti palepale kizingitini akalia.

Pikipiki iliingia uani. Cassian alikuja chumbani na koti lake bado mwilini, akaona, akacheka kwa furaha kwa sauti ya chini.

"Amelala! Mungu mkubwa. Na mimi leo nimepata vituko. Alasiri nilipita hapa, nikamkuta bibi mmoja kwenye njia yetu ya kuingilia. Akasema nimpeleke Rugu, amechoka. Kupanda tu akajiegemeza mgongoni kwangu akalala, anakoroma njia nzima. Nafika Rugu, nageuka nimwamshe, hayupo. Nimerudi nikimtafuta mitaroni, nikidhani kaanguka." Alijisugua macho. Yalikuwa makavu, yamekodolewa. "Nimechoka sana, lakini usingizi wenyewe siusikii. Hebu nimshike kidogo."

Aliinama, akamchukua Mugisha, akageuka naye kuelekea dirishani. Kutoka katikati ya mabega yake, chini ya koti, Xaveria alisikia mkoromo uleule wa kitandani, ulio wake yeye mwenyewe.

"Cassian," alisema, akinyoosha mikono, "nirudishie mtoto."