Friji Ilikohoa Redioni

Saa sita mchana duka la vifaa vya umeme lilijaa mpaka mlangoni, na mshonaji alikuwa katikati ya msukumano, amekumbatia mashine yake ya santuri kama mtoto aliyelala. Gauni lake la kijani, alilolishona mwenyewe, lilikuwa limeshapata vumbi la mabega ya watu.

"Inanguruma," alimwambia muuzaji.

"Kama simba, au kama mume aliyecheleweshewa chakula?" ilisema sauti nyuma yake.

Aligeuka na jibu kali mdomoni, akalimeza. Sauti ile aliijua. Kila asubuhi ilimsomea habari karakanani. Kumbe mtangazaji mwenyewe ndiye huyu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola.

"Mume sina, sijui ananguruma vipi."

"Basi tuanze na simba. Unakaa wapi?"

Jumamosi akaja na bisibisi zake. Aliitenga mashine na amplifaya, akasogeza nyaya za sauti mbali na za umeme. Mvumo ukabaki. Akachomoa friji, ukapungua. Alipoichomeka tena, friji ikakohoa, ka! Spika nazo zikakohoa.

"Friji yako ina kifua."

"Ina umri. Iheshimu."

Mvumo haukuisha, mapenzi yakaanza. Wiki ya tatu mshonaji alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa santuri moja isiyo na picha. Mama yake ndiye aliyeimba humo, na nakala nyingine haikuwepo popote. Mama alifariki binti akiwa na miaka minne. Sura ilishamtoka akilini, sauti ndiyo hii.

"Hii haitoki humu ndani," alisema. "Hata shoga zangu hawajaisikia."

"Mimi na wewe tu, roho yangu."

Jumanne moja, cherehani sita zikikimbizana karakanani, redio ikasema kwa ile sauti ya asali: "Leo nawaletea mwimbaji niliyemvumbua mwenyewe." Ukaja mvumo. Kisha mwanamke akaanza kuimba, na kabla ubeti wa pili haujafika kati: ka!

Mguu wa mshonaji ulikwama juu ya pedali. Friji yake ilikuwa imekohoa redioni.

"Nani huyu anaimba hivi?" aliuliza shoga yake wa meza ya pili, akijifuta macho kwa kipande cha bitana. "Na wewe, mbona umebadilika?"

"Nimejichoma sindano," alisema, akatoka nje na simu.

"Mpenzi, umesikia?" Mtangazaji alikuwa anahema kwa furaha. "Watu hamsini wameshapiga simu."

"Na mimi nimepiga. Nihesabu."

Mtangazaji alicheka peke yake.

"Uliinakili lini?"

"Siku ile uliposhuka kununua maziwa. Nilitaka kukufurahisha. Mama yako anastahili kusikika."

"Mama yangu umemvumbua wapi wewe? Chini ya kitanda changu?"

Siku nne nzima hakupokea simu zake. Jumamosi alasiri mtangazaji akabisha hodi, waya mpya mkononi.

"Sijaja kujitetea. Nimekuja kumaliza kazi niliyoianza. Baada ya hapo nifukuze."

Akamfungulia. Tusimcheke. Kuitazama simu ya mtu unayempenda ikiita mpaka inyamaze ni kazi ngumu kuliko kushona suti.

Safari hii alifanya kazi bila utani. Aliufuata kwa vidole ule waya mwembamba wa ethi, wa kuzuia mvumo, unaotoka kwenye mashine hadi kwenye skrubu ya amplifaya, akausimamisha kwenye mwanga.

"Umekatikia ndani. Ukiuona kwa nje, mzima kabisa."

Akafunga mpya, akakaza skrubu. Mvumo ukanyamaza, na chumba kikawa kama kimeongezwa dirisha.

"Nisamehe," alisema. "Nilikutana na kitu kizuri nikataka kiitwe changu. Nitasema hewani kwamba nilidanganya."

Mshonaji akamshika bega. Kwa mkono wa pili akaweka santuri. Mama hakuwahi kuimba karibu vile. Ubeti wa kwanza ukaisha, na pale ambapo miaka yote palikuwa na mvumo mtupu, mama alivuta pumzi kama mtu anayetaka kumwambia mwenzake jambo. Mshonaji aliinama asikie vizuri, akaona ndani ya mfuko wa lile shati jeupe taa ndogo nyekundu inawaka.

Akainua sindano ya mashine kutoka kwenye santuri.

"Hiyo ni nini?"

Mtangazaji akaufunika mfuko kwa kiganja. "Wakubwa wanataka nakala isiyo na mvumo. Ningekuambia leo hii hii, haki ya Mungu."

"Futa."

Alikitoa kinasa sauti mfukoni, akafuta, akamwonyesha.

"Sasa nenda."

"Na msamaha je? Ulikuwa umeshanisamehe, nimeona."

"Mara ya kwanza uliniibia nimeshuka kununua maziwa. Leo nilikuwa nimekushika bega."

Alikusanya bisibisi zake taratibu. Mlangoni akageuka. "Niache basi nisikie alichosema. Hilo tu."

"Nitakisikia wewe ukishafika barabarani."

Alisimama dirishani mpaka shati jeupe likapotelea katikati ya watu. Akafunga mlango kwa ufunguo, akarudisha sindano.

Mama alivuta pumzi. "Ngoja kwanza," alimnong'oneza mtu, huku anacheka, "huyu mtoto ananipiga mateke." Kisha akaendelea na ubeti wa pili.