Barua ya Siku ya Kula

Nina miaka arobaini na minne. Ni fundi wa mbao hapa Kitale, nina mke na watoto watano, na masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa chuo cha ufundi. Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe, kwa sababu sikuweza tena kuingia kwenye ile karakana...

Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma haya mtaniita jina baya. Niiteni tu. Lakini tulikuwa watatu, na leo wote nitawataja.

Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya Bungoma. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, lakini sisi hatari yenyewe tuliisikia kama habari za nchi nyingine. Mwalimu wetu wa useremala alikuwa Mwingereza, tulimwita Bwana Miwani. Huyo ndiye aliyetuletea lakrosi.

Najua hamuijui. Hata sisi tulicheka! Watu wanakimbia na fimbo ndefu zenye wavu wa ngozi kichwani. Mpira mgumu wa raba unanaswa na ule wavu, unabebwa, unarushiwa mwenzako, mpaka uingie langoni. Bwana Miwani aliucheza chuoni kwao akiwa kijana. Alikuja na fimbo moja tu, kuukuu. Zingine tulitengeneza wenyewe. Tulichemsha maji kwenye pipa, tukapinda mti kwa mvuke, tukasuka ngozi ya ng'ombe ingali mbichi. Fimbo kumi na mbili za mikono yetu! Wanafunzi wa uashi walitutania ati tunaenda kutega kware.

Halafu siku moja akatuambia tutakuwa na msimu, kama vyuo vya kwao. Mechi tatu. Na ya kwanza ni Kitale, na vijana wa masetla, wazungu wenye mashamba, kwenye uwanja wao wenyewe. Sisi! Kwenye nyasi ambazo mtu mweusi alizikanyaga akizifyeka tu! Usingizi ulitupotea kwa furaha.

Mchezaji wetu bora alikuwa Mwangi. Alikuwa Mkikuyu, baba yake kibarua katika shamba la mzungu huko Kwanza, karibu na Kitale. Mimi nilicheza kushoto, yeye katikati. Akitaka mpira hakuita. Aliinua mkono, kiganja wazi, nami nilikuwa nimeshaurusha. Tulilala vitanda viwili vilivyoshikana, tulikula sahani moja.

Sasa sikieni vizuri, kwa sababu kila kitu kilitoka hapa. Mimi ni Mbukusu, na ulimi wangu ulikuwa mzito kwa herufi mbili. Kura nilisema kula. Mwangi naye alikuwa kinyume, kula alisema kura. Wenzetu walitucheka mpaka machozi.

"Huyu anapiga kula, yule anakura ugali! Nani atatutafsiria hawa, bana?"

Na sikukosea mdomoni tu. Hata kwenye karatasi! Tulipochagua kiranja niliandika, "Kula yangu ni ya Mwangi." Bwana Miwani alicheka akavua miwani, kisha akaniandikisha yale maneno mawili ubaoni mara hamsini. Kumbukeni hilo. Mwalimu alijua.

Likizo ikafika. Mwangi akaenda kwao Kwanza. Bwana Miwani akaenda Nairobi, akasema akirudi atatuchagulia kapteni yeye mwenyewe. Sisi tuliobaki karibu tukakataa kimoyomoyo. Tukapatana tuchague wenyewe Jumamosi, kabla chuo hakijafunguliwa, mwalimu akute mambo yamekwisha. Waliotajwa ni wawili, Mwangi na mlinda lango wetu, Zakaria Simiyu, mtoto wa karani wa chifu.

Nilitaka Mwangi awepo. Zakaria alikuwa na baiskeli na alikuwa anaenda Kitale kwa mjomba wake, akasema Kwanza si mbali, atapeleka barua. Nilimwamini... kwa nini nisimwamini? Tulikuwa timu moja! Nikaandika kwa mkono wangu huu, bila bahasha:

"Ndugu Mwangi, siku ya kula ni Jumamosi, nyuma ya karakana. Watu wote kumi na mbili watakula. Usikose, na usimwambie mzungu. Fimbo ziko tayari. Ukija wewe tutawapiga wazungu wa Kitale mpaka walie. Mimi wako wa Kushoto."

Msomaji wa leo, isome tena pole pole. Isome kama mzungu wa siku zile, mwenye bastola kiunoni, anayeamini kila Mkikuyu anakula kiapo usiku cha kuua wazungu. Unaona kura hapo? Mimi niliona kura! Wallahi niliona kura tu!

Jumamosi Mwangi hakuja. Zakaria alishinda kwa kura saba, akabebwa mabegani.

Jumatatu chuo kilifunguliwa, na kabla ya saa nne gari la polisi lilikuwa mlangoni. Afisa alitukusanya karakanani, Bwana Miwani pembeni yake. Akatoa karatasi mfukoni. Niliitambua kwa doa la gundi.

Aliisoma yote kwa sauti. Akasema mwenye barua ameshikwa shambani Kwanza, amehojiwa siku tatu, na anakataa kumtaja aliyemwandikia. Akauliza nani ni Kushoto.

Ndugu zangu, ningesema tu... Neno moja tu! Kwamba mimi ni Mbukusu, naandika vibaya, ilikuwa kura ya kapteni. Wenzangu kumi walikuwa hapo wa kushuhudia. Nilifungua mdomo, nikaona pingu kiunoni mwa askari, nikaufunga.

Afisa akamgeukia Bwana Miwani, akamuuliza kama hili neno linaweza kuwa na maana nyingine. Yule mzungu alinitazama. Macho kwa macho! Alijua mwandiko wangu. Alijua zile mara hamsini ubaoni. Lakini pia alijua mtu akishikwa ndani ya chuo chake hakutakuwa na mechi.

"Mimi nafundisha mbao," akasema.

Na Zakaria, kapteni mpya, akaongeza bila kuulizwa, "Sisi watu wa huku hatujui mambo ya kula, Bwana."

Gari likaondoka. Nilimkamata Zakaria shati nyuma ya stoo nikamuuliza alimpa nani barua. Hakuficha. Alisema alimpa bwana wa lile shamba, amfikishie kibarua wake, ubaya uko wapi? Kisha akatoa mikono yangu taratibu.

"Kama inakuuma, wafuate. Sema ni yako. Si unayo miguu?"

Sikuwafuata. Kesho yake sikuwafuata, wala kesho kutwa. Nilijiambia watamwachilia wenyewe... Nilijiambia hivyo wiki mbili nzima, huku nikikimbia uwanjani asubuhi na jioni na fimbo yangu.

Siku ya mechi tulipanda lori. Tulikuwa tunaimba. Karibu na stesheni ya Kitale palikuwa na uwanja umezungushiwa waya, na ndani watu wamechuchumaa juani, mikono kichwani, wanaume, akina mama na watoto mgongoni. Ni wale Wakikuyu waliokuwa wanaondolewa mashambani kwa nguvu. Lori likapunguza mwendo. Wimbo ukakatika.

Nilimwona. Uso umevimba upande mmoja. Aliona fimbo kwanza, zile fimbo tulizopinda pamoja, kisha akatutafuta sisi mmoja mmoja. Akaniona.

Akainua mkono. Kiganja wazi.

Na mimi, Mungu wangu... mimi niliinama chini, kama ninayefunga kamba ya kiatu. Sikuwa na viatu!

Nilisikia kirungu cha askari. Sikuangalia.

Tulifungwa magoli kumi na moja kwa bila. Sikunasa mpira hata mmoja. Kila niliponyanyua fimbo niliona kile kiganja. Wazungu walipiga makofi ya adabu wakaenda kunywa chai. Wiki hiyo hiyo amri ikaja kwamba Waafrika wasikusanyike na marungu, ati mchezo au si mchezo. Msimu wetu ukafa na mechi moja. Fimbo zetu kumi na mbili mpishi alichemshia maharagwe. Bwana Miwani alihamishwa. Zakaria alipata kazi kwa chifu, na leo ni mtu mzima anayeheshimiwa, anasoma matangazo kanisani.

Uhuru ulikuja. Wakikuyu wengi walirudi huku kwetu Trans-Nzoia wakanunua mashamba. Mwaka juzi mama mmoja mzee aliingia kwenye karakana yangu, akasema anatoka Kwanza na anataka "kitanda cha kurara". Nilicheka kidogo kwa lile neno. Nikamuuliza jina niandike kwenye oda.

Akaniambia ni Mama Mwangi.

Penseli ilianguka. Alidhani nina homa, akaniambia, "Kaa chini, baba." Nilikaa. Nikamuuliza huyo Mwangi yuko wapi, na nilikuwa najua tayari. Alisema alikufa katika kambi ya kizuizini, mwaka wa pili wa kufungwa, kwa kuhara damu. Walimpiga miezi mingi wapate jina la mtu mmoja tu, mwandishi wa barua.

"Arikataa," mama akasema. "Nirimuuriza, mwanangu, si umtaje utoke? Akaniambia, mama, yure si mtu mbaya. Atakuja mwenyewe kuwaereza. Nangoja tu."

Alikuwa ananingoja! Miezi yote ile, chini ya kile kirungu, alikuwa ananingoja mimi!

Na mnajua nilifanya nini? Nilimtengenezea kitanda. Nilikataa hela yake, akanibariki, akashika kichwa changu kwa mikono miwili akaniita mtoto mwema. Nikanyamaza tena. Mara ya tatu.

Kwa hiyo msinipe pole. Zakaria Simiyu alipeleka barua, Bwana Miwani alifundisha mbao, na mimi niliinama kufunga kiatu ambacho sikuwa nacho. Watoto wangu huniuliza kwa nini siku ya uchaguzi sitoki nyumbani. Ninawaambia mgongo unaniuma.

Nawasihi, hasa nyinyi vijana. Ukikosea neno na mwenzako akashikwa kwa kosa lako, nenda saa hiyo hiyo. Usiseme kesho. Nenda hata ukitetemeka, hata ukijikojolea, nenda! Kwa sababu huko aliko hajui kwamba unaogopa. Anajua tu kwamba unakuja.

Mama Mwangi, wajukuu wako wakikusomea haya, ule mwandiko ulikuwa wangu. Kushoto ni mimi. Kitanda kitupe ukitaka... mimi niko hapa hapa karakanani, na safari hii sitainama.