Neno la Siri na Kibodi Mpya

Latifa alikuwa ametimiza siku hamsini na mbili ndani ya eda. Mumewe, Azizi, alifariki mwishoni mwa Novemba, mwaka 2005, kwa homa ya siku nne tu. Tangu siku hiyo Latifa hakutoka nje ya ua wa mama yake. Alivaa nguo nyeupe. Hakujipaka mafuta ya kunukia. Asubuhi aliswali, kisha alimenya mihogo pamoja na mama yake, Bi Rukia. Mchana wanawake walikuja kumpa pole. Ndivyo siku zilivyokwenda, na zilikwenda polepole mno.

Kabla ya msiba Latifa alikuwa karani wa zahanati ya kijiji, si mbali na Mpapura. Zahanati ilikuwa na kompyuta moja, msaada kutoka Ujerumani, iliyotumia umeme wa jua. Latifa peke yake ndiye aliyejua kuitumia. Humo aliandika majina ya wagonjwa wa kifua kikuu, dawa zao na tarehe zao za kuzichukua. Wengi wao hawakutaka majirani wajue. Kwa hiyo kompyuta ilifungwa kwa neno la siri. Ukiiwasha tu, kabla haijaonyesha chochote, inakuuliza neno hilo. Kama hulijui, huingii.

Jumatatu moja mwezi Januari, mganga wa zahanati, Bwana Gaudensi, alipiga hodi. Bi Rukia alimkaribisha barazani. Latifa alibaki chumbani nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi ya eda.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba baba. Tumeshapoa."

"Nina shida na dada Latifa, mama. Shida kubwa."

"Sema, daktari," Latifa alijibu akiwa nyuma ya pazia. "Nakusikia."

Gaudensi alieleza. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha na paa la ofisi likavuja. Daftari kubwa la wagonjwa lililowa, kurasa zikagandana, wino ukatapakaa. Kompyuta ilipona kwa sababu ilifunikwa nailoni. Lakini kibodi, yaani ule ubao wa vitufe vya kuandikia, ilijaa maji ikafa. Alinunua nyingine mpya mjini.

"Alhamisi wilayani wanataka orodha ya wagonjwa wote. Ndiyo watakayotumia kutugawia dawa za miezi mitatu. Daftari limekufa. Orodha imebaki ndani ya kompyuta tu. Naomba neno la siri."

Latifa alichukua kalamu. Kisha aliandika kwenye kikaratasi na kumpa mama yake akipeleke. Aliandika *azizi2001*. Lilikuwa jina la marehemu na mwaka waliooana.

Jioni Gaudensi alirudi. Safari hii hakuketi.

"Dada, kompyuta imekataa. Nimeandika herufi kwa herufi. Mara tatu, kisha nimezima nikaanza upya. Imekataa."

"Haiwezekani," Latifa alisema. "Hilo ndilo neno, daktari. Wallahi, hilo ndilo."

Gaudensi hakumbishia, lakini ukimya wake ulimchoma Latifa kuliko matusi.

Kijijini maneno hayalali. Asubuhi ya Jumanne Bi Rukia alitoka kisimani amekunja uso. Alitua ndoo kwa kishindo.

"Unajua Rehema anasema nini? Yule mhudumu wa zahanati?"

"Anasema nini, mama?"

"Anasema umeandika neno la uongo makusudi. Eti unaogopa mtu mwingine asishike kazi yako ukiwa ndani. Eti wagonjwa wafe, ilimradi wewe ubaki karani."

Latifa aliacha kisu kwenye beseni la mihogo. Machozi yalimtoka. Alimpoteza mume, na sasa alikuwa anapoteza jina lake zuri. Isitoshe, watu arobaini na mmoja wangekosa dawa. Aliwajua wote kwa majina. Alijua pia kwamba dawa ya kifua kikuu ikikatizwa, ugonjwa hurudi na nguvu zaidi.

"Nitakwenda mwenyewe, mama."

"Hutakwenda kokote kabla hatujamuuliza sheikh," Bi Rukia alisema. Kisha sauti yake ikalainika. "Ngoja kwanza, mwanangu. Daktari ameagiza fundi wa kompyuta kutoka Chuno, kule mjini. Nasikia ni mwanamke."

Fundi alifika adhuhuri. Aliitwa Yustina. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, aliingia hadi chumbani na kuketi mkekani na Latifa. Alikuwa na mfuko wa salfeti, na ndani yake mlikuwa na kibodi mbili: ile iliyokufa na ile mpya.

"Pole sana, dada yangu."

"Ahsante. Na wewe umekuja kuniuliza kama nimedanganya?"

"Hapana. Nimekuja kuangalia vidole vyako." Yustina aliweka kibodi ya zamani mapajani mwa Latifa. "Andika neno lako kama unavyoliandika kila asubuhi. Usifikiri."

"Hii imeshakufa. Haijaunganishwa na kitu."

"Najua. Wewe andika."

Latifa aliweka vidole juu ya vitufe. Viliandika jina la mumewe, polepole, na moyo ulimuuma kweli. Yustina hakumtazama usoni. Alitazama vidole tu.

"Hapo," alisema. "Z yako iko wapi?"

"Hapa, mstari wa juu, baada ya T."

"Sasa tazama kwenye hii mpya."

Latifa alitazama. Kwenye kibodi mpya, baada ya T palikuwa na Y. Z ilikuwa chini kabisa, pembeni kushoto.

"Zimebadilishana nafasi!"

"Ndiyo. Kibodi za Ujerumani zimepangwa hivyo. Hii ya dukani imepangwa Kiingereza. Sasa nisikilize vizuri. Kompyuta inapoamka haioni herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Inajua tu kitufe cha mahali gani kimebonyezwa. Ikishafunguka kabisa, ndipo inapoambiwa, 'Leo unatumia kibodi ya nchi fulani.' Lakini pale mlangoni, inapouliza neno la siri, bado haijaambiwa."

"Kwa hiyo daktari aliandika neno sahihi..."

"Sahihi kwa macho. Lakini alibonyeza Z ya chini. Kompyuta inangoja kitufe kile cha juu ulichozoea wewe. Hukudanganya, na kompyuta haikukosea."

Latifa alifunika uso kwa upande wa kanga. "Basi kwenye kibodi mpya abonyeze Y kila penye Z?"

"Hivyo tu. Nakwenda kujaribu sasa hivi. Wapo mjini waliomshauri daktari afute kila kitu aanze upya. Angefuta, orodha ingekwenda moja kwa moja."

Haikupita saa moja, Gaudensi mwenyewe alikuja mbio, jasho likimtiririka.

"Imefunguka, dada! Wote arobaini na mmoja wamo! Nisamehe. Nilinyamaza pale niliposhindwa kuelewa, nami nilipaswa kukuamini."

"Alhamdulillahi," Latifa alisema.

Yustina alirudi kuaga, lakini alikuwa na somo la mwisho.

"Tubadili neno hilo, dada. Kwanza, sasa tunalijua watu watatu. Pili, jina la mume ni rahisi kwa mtu kukisia. Tatu, chagua herufi ambazo hazihami. Kaa mbali na Z na Y. Kuna kibodi za Kifaransa pia, ambazo huhamisha A, Q, W na M. Achana nazo hizo. Na alama kama nukta na mkwaju, usiziguse kabisa."

"Kiswahili bila A?" Latifa alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Utanitoa jasho, fundi."

"Unganisha maneno mawili matatu yasiyohusiana. Liwe refu. Likiwa la ajabu ndiyo vizuri. Kisha liandike, liweke ndani ya bahasha, uifunge kwa gundi. Juu ya bahasha andika aina ya kibodi mnayotumia. Daktari aifungie kabatini. Na siku mkibadilisha kibodi, jaribuni neno siku hiyohiyo. Msingoje siku ya shida."

Walifanya hivyo. Latifa alitunga neno pale mkekani, akaliandika, na Yustina akaenda kuliingiza kwenye kompyuta. Alizima na kuwasha mara mbili kuhakikisha. Mara zote mbili ilifunguka. Bahasha ikafungiwa kabatini, na Alhamisi orodha ikafika wilayani.

Wiki mbili baadaye dawa zililetwa. Ziliwatosha wote.

Siku ileile Rehema alikuja kwa Bi Rukia. Alisimama mlangoni mwa chumba, hakuthubutu kuingia.

"Dada Latifa, nilikusema vibaya kisimani."

"Nilisikia."

"Nilikuwa na hofu." Rehema alishika mwimo wa mlango. "Mdogo wangu Athumani... anatibiwa. Niliona dawa zake zitakatika. Hakuna anayejua kijijini. Hata mkewe hajui."

"Mimi najua," Latifa alisema. "Jina lake nililiandika mwenyewe. Ni la kumi na saba."

Rehema alimtazama kwa mshangao. "Ulijua siku zote? Hata nilipokuwa nakutangaza kisimani?"

"Siku zote."

"Na hukusema neno?"

"Hata mama yangu nilikuwa sijamwambia, mpaka leo umesema mwenyewe mlangoni kwake."

Rehema aliuachia mwimo. Aliketi kizingitini akalia kwa sauti. Latifa alinyanyuka, akamshika mkono na kumwingiza ndani.

"Nimekusamehe," alisema. "Kesho mpeleke Athumani akachukue dawa zake. Asikose hata siku moja."