Nilisaga Unga wa Shija Kwenye Jiwe la Bibi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa kemia katika sekondari moja wilayani Biharamulo. Sina mume, sina mtoto. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nacheka na kusema wanaume wameogopa vyeti vyangu. Uongo mtupu! Mwanaume alikuwepo, tena alinipenda kuliko nilivyostahili... Nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Leo nawasimulia, wasomaji wenzangu, mnihukumu mnavyotaka.

Nilizaliwa Murusagamba, Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, nikalelewa na bibi, mama yake mama. Shija yeye ni Msukuma wa Nyantakara, huku Biharamulo, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Tulikutana chuo kikuu, mbali na kwetu, tukisoma shahada ya pili. Aliposikia natoka Ngara aliniita jirani, na kuanzia siku hiyo tukawa hatuachani.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza oksaidi za metali. Msiogope jina! Unachukua unga wa metali kadhaa zilizoungana na oksijeni, na kwetu sisi ilikuwa lanthanamu, nikeli na manganizi. Unapima, unachanganya, unasaga kwa mkono mpaka bega linauma. Unaukandamiza unga uwe kidonge, unauchoma kwenye tanuri kwa nyuzi joto zaidi ya elfu moja. Ukipoa unausaga tena, unauchoma tena. Atomi zikijipanga kila moja mahali pake, kidonge kinapata sumaku.

Lakini oksaidi hiyo ina kiburi chake. Sumaku yake inaonekana kwenye baridi tu, baridi kama ya ndani ya friji. Ikikutana na joto la mchana, inapotea. Shija alitaka kuongeza strontiamu kidogo ili kubadilisha mpangilio wa atomi, sumaku ibaki hata juani. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake. Baba yake kule Nyantakara alishaanza kumwita Dakta mbele ya majirani, wakati hata hiyo shahada ya pili hajaimaliza!

Mimi alinipa zawadi ya sumaku ndogo aliyoitoa kwenye redio mbovu ya baba yake. Alisema pete itafuata. Niliitembeza kwenye mkoba kila mahali.

Basi, likizo moja bibi aliugua, nikapaswa kwenda nyumbani. Shija alinikabidhi unga wake pamoja na kinu kidogo cha akiki, kile cha maabara, ili niendelee kusaga huko huko. Akiki ni jiwe gumu, halitoi uchafu. Alinisisitiza nisiuguse unga ule kwa chombo kingine chochote. Niliitikia kwa madaha, eti mimi si mtoto.

Njia ya Murusagamba mnaijua wenyewe mliowahi kuipita. Pikipiki iliteleza kwenye tope, tukaanguka. Mimi nilichubuka goti tu, unga ulikuwa salama kwenye chupa yake... lakini kinu kilipasuka vipande vitatu.

Nililia pale barabarani. Kilikuwa kinu cha chuo, na niliogopa kuonekana mzembe. Sasa nifanyeje? Kumpigia Shija nimwambie? Nilishika simu, nikairudisha mkobani.

Nyuma ya jiko la bibi kuna jiwe la kusagia, kwetu tunaliita urusyo. Ndilo lililosaga mtama na ulezi wa nyumba ile tangu mama yangu hajazaliwa. Nikajiambia, jiwe ni jiwe. Nililisugua kwa maji ya moto mara tatu, nikalikausha, nikapiga magoti na kusaga unga wa Shija siku nne. Bibi alipata nafuu kwa furaha. Alikaa mlangoni akiniangalia.

"Mwana wanje," aliniambia kwa lugha ya kwetu, yaani mwanangu, "nilidhani shule imekunyang'anya kwangu. Kumbe umerudi kwenye jiwe la mama yako!"

Niliporudi chuoni nilimwambia Shija kinu kimevunjika wakati wa kurudi, kazi ikiwa imekwisha. Hakunigombeza hata kidogo. Alichoma kidonge, akakipoza, akasogeza sumaku mchana kweupe, joto la kutoka jasho. Kidonge kikaruka kikaganda kwenye sumaku! Shija alipiga kelele, akaninyanyua juu, tukazunguka maabara nzima. Kipimo cha eksirei kilionesha mpangilio safi wa atomi, hakuna kitu kigeni.

Kabla ya kutangaza, aliniuliza mara moja tu.

"Ulisaga kwa akiki, siyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno lenyewe lilitoka jepesi hivyo hivyo. Shija akasimama mbele ya walimu na wageni, akaeleza ugunduzi wake, akapigiwa makofi. Na mimi nilipiga makofi.

Kisha yakaanza. Mtu mwingine alijaribu kurudia, kidonge chake hakivuti. Shija mwenyewe akarudia kwa kinu kipya, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita... hakivuti! Alikonda. Minong'ono ikazagaa kwamba ametia vumbi la chuma makusudi ili apate jina. Kamati ikaitwa, akapewa majuma matatu ya kujiandaa.

Katikati ya hayo ndipo siku ya posa ilipofika, maana ilikuwa imepangwa zamani. Shija alikuja Murusagamba na baba yake na wajomba wawili. Alimsalimu bibi shikamoo akiwa amepiga goti kabisa, bibi akaitikia marahaba huku machozi yanamtoka. Baada ya chakula bibi alimshika mkono, wakazunguka wawili tu nyuma ya jiko. Nilidhani anamwonesha migomba.

Wageni walipoondoka kesho yake, nami nikabaki peke yangu, nilikumbuka kwamba kidonge pekee kilichovuta ni kile cha unga niliousaga pale. Nilitoa ile sumaku, nikaipitisha juu ya urusyo.

Ilijaa vumbi jeusi! Limesimama kama manyoya... Nilimwuliza bibi analifanyia nini jiwe lake. Alishangaa swali, akasema kila kiangazi linakuwa laini, kwa hiyo analigonga kwa ncha ya jembe la zamani mpaka litoke meno, vinginevyo halisagi. Miaka yote hiyo ya jembe, na vipande vidogo vya chuma vimejificha kwenye vitobo, maji ya moto yatavifikia wapi? Chuma kile kilikutana na nikeli ndani ya tanuri, kikatengeneza oksaidi nyingine yenye sumaku kali, kidogo mno kuonekana kwenye eksirei. Mimi mwanakemia mzima! Wala sikuhitaji kitabu kujua.

Nikaifuta sumaku kwa kanga yangu.

Nilikutana na Shija Biharamulo mjini, tukapanda basi moja kurudi chuoni. Njiani akanigeukia.

"Hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna," nikajibu.

Baada ya saa nzima aliuliza tena, kwa upole zaidi. Nikasema nimechoka na safari. Nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza shahada yangu, nafasi ya kazi niliyokwisha kuahidiwa, na aibu ya kuitwa mwongo. Tena nilijidanganya kwamba kamati itamwonya tu.

Siku ya kamati wanafunzi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Walionesha picha za darubini ya elektroni, chembe za chuma na nikeli zinang'aa ndani ya kidonge kama mchanga kwenye mchele. Wakamwuliza chuma kimetoka wapi. Shija aligeuka, akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu...

Nikainamisha kichwa.

"Sampuli ni yangu," akasema. "Lawama ni yangu."

Walimfukuza. Alifunga begi lake siku hiyo hiyo, akarudi Nyantakara kulima mahindi, na simu zangu hakupokea tena. Posa ikavunjika kwa ujumbe wa mjomba wake niliotumiwa mimi, na bibi sikumfikishia. Mimi nilipata shahada yangu, nikavaa joho na kupiga picha. Picha hizo sijawahi kuzitazama.

Ilinichukua miaka mitatu kupata ujasiri. Niliandika barua chuoni nikaeleza yote, kisha nikaenda Nyantakara na nakala yake mkononi. Nilimkuta Shija uani anapukuchua mahindi na mkewe. Mkewe alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kigoda na maji, akatupisha. Nilipiga magoti nikasema kila kitu, kinu, jiwe, jembe, sumaku. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Shija hakushtuka. Aliendelea kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Bibi yako alinionesha lile jiwe siku ya posa. Alikuwa anajivunia, anasema umesaga hapa siku nne kwa ajili yangu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati.

"Ningesema mimi, ungefukuzwa wewe. Nilitaka useme mwenyewe. Nilikusubiri kwenye basi, nikakusubiri na kule ndani. Ungeniambia mimi tu, jirani, hata kamati isijue, ningekuoa."

Nilimnyooshea barua, hakuipokea. Alisema yeye alishanisamehe zamani. Aliyehitaji kuisikia ni mzee, na mzee alifariki mwaka uliopita, akiamini mwanawe ni tapeli. Akanielekeza kaburi kwa mkono, lile pale mwisho wa shamba.

Nilikwenda. Nilisimama pale nikamsomea mzee barua yote, kuanzia juu mpaka jina langu, jua likinichoma utosini. Niliiacha ile sumaku ya redio yake juu ya udongo, nikaondoka bila kuaga.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sikuandika ili mnionee huruma. Nawaomba kitu kimoja. Ukivunja kinu, sema siku hiyo hiyo kwamba umevunja kinu. Utagombezwa, utalia, utalipa, basi yamekwisha! Mimi niliogopa kugombezwa siku moja.

Bibi bado yuko hai. Hajui lolote, na nani atamwambia? Kila kiangazi analigonga jiwe lake kwa jembe lile lile, na kila nikienda ananiuliza kijana wa Nyantakara ataleta lini unga mwingine nimsagie.